Makohozi safi ila mgongo wa mama bado, kipimo gani kifuate?
Pole ndugu. Umesema picha ya MRI imeonyesha pingili 2 zimelika, makohozi hayana TB, sasa wanataka kumchoma mama sindano mgongoni wavute usaha wa kupima, mkaogopa. Mi naona mkubali, TB ya mgongo mara nyingi makohozi yanakuwa safi tu, mdudu anatafutwa hukohuko kwenye usaha. Sampuli igawanywe, nyingine iende kwenye mashine ya GeneXpert, inasoma vinasaba vya mdudu kwa kama masaa 2 na kusema kama rifampisini, dawa kuu ya TB, inagoma, nyingine ioteshwe maabara, hiyo ya TB inakula hadi wiki 6 aisee. GeneXpert ikikosa msishangilie, mfupani wadudu huwa wachache. Na kama anakunywaga maziwa mabichi mwambieni daktari, kuna brusela pia, ugonjwa wa bakteria wa mifugo unaoweza kula mgongo. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma, hospitali usiku huohuo.