Kwa wanaoanza kupima sakafu ya bahari iliyochimbwa

Wengi wanaojiunga na kazi hii huuliza kwanza: meli ya kuchimba ikishaondoka, sakafu ya bahari huchukua miaka mingapi kurudi ilivyokuwa? Ningewashauri muanze kwa kuuliza ni mchanga wa aina gani uliobaki pale.

Mapitio ya tafiti ya mwaka 1998, ambayo hadi leo hutajwa sana, yanaeleza kwamba viumbe wa matope ya milango ya mito huweza kurejea kwa miezi 6 hadi 8, na wale wa mchanga na changarawe kwa miaka 2 hadi 3, ilhali jamii za miamba huhitaji miaka 5 hadi 10. Msizinakili tarakimu hizo katika ripoti kabla ya kuchunguza chembe za mchanga. Shimo lililochimbwa hupunguza kasi ya mkondo, tope laini hutulia humo, na mabuu ya viumbe waliozoea mchanga wa chembe kubwa hayapati tena mahali pa kushika. Hapo miaka inaweza kupita bila jamii ya zamani kurudi.

Mimi mwenyewe nilikosea katika kazi yangu ya kwanza. Nilichekecha sampuli zilizochukuliwa miezi michache baada ya uchimbaji, nikakuta viumbe wengi kuliko katika eneo la kulinganisha, nikaandika kwamba sakafu inapona. Msimamizi wangu alinirudisha kwenye darubini. Karibu wote walikuwa minyoo wadogo wa familia ya Capitellidae, ambao huzaliana upesi na kuvamia tope lililovurugwa. Chaza wakubwa na wale wachimbao mashimo marefu yanayopitisha maji na hewa ndani ya tope hawakuwapo kabisa. Tangu siku hiyo sihesabu vichwa bila kutambua aina na kupima uzito, kwa sababu wingi peke yake ulinidanganya.

Nguvu ya uchimbaji nayo ina uzito wake. Nchini Uingereza, katika Area 222, kitalu cha kuchimba changarawe baharini mkabala na pwani ya Felixstowe, uchimbaji wa changarawe ulikoma mwaka 1996, lakini miaka 6 baadaye sehemu iliyochimbwa sana bado ilikuwa na viumbe tofauti na wa maeneo jirani. Kwa hiyo ombeni ramani ya njia zilizopitwa na meli ya kuchimba kabla ya kupanga vituo vya sampuli.

Kwetu Afrika Mashariki, zingatieni pia misimu. Kusi huchafua maji na kuhamisha mchanga, hivyo sampuli za kusi zisilinganishwe na za kaskazi. Katika nyasi bahari, Halophila ovalis hutangulia kuota, na kuonekana kwake si ushahidi kwamba Thalassodendron ciliatum, yenye mashina magumu na ukuaji wa polepole, imerudi.

Mara nyingi mtakosa sampuli za kabla ya uchimbaji. Msiwapuuze wavuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi wa bandari, na madai yao yalitokana na bahari waliyoifahamu kwa kuifanyia kazi. Nendeni nao chomboni, muwaulize nanga ilikuwa ikipanda na nini zamani, mchanga, nyasi au tope, kisha muandike majibu yao pamoja na jina la mwamba au mkondo kama wanavyouita wenyewe.