Seva Iliyozimwa, Data Iliyopotea

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nilikodi seva ya wingu katika kampuni moja ya ng'ambo ili niweke mfumo wa mahesabu ya duka la mama, nikachagua diski ya GB 100 na anwani ya IP isiyobadilika. Gharama ziliponielemea niliizima, lakini kadi yangu inaendelea kukatwa dola 11 na ushee kila mwezi. Je, ninaibiwa?
Msomaji wa Morogoro

JIBU: Marahaba. Huibiwi, ila unalipia vitu viwili ambavyo hukuvirudisha. Kinachoitwa seva ya wingu ni mkusanyiko wa vitu vinavyokodishwa kila kimoja kwa mita yake, na ukiizima husimama mita ya prosesa na memori peke yake. Umefanana na mpangaji aliyesafiri akazima taa zote: uniti za LUKU haziliki, lakini vyombo vyake bado vimo chumbani na kodi ya chumba iko palepale.

Kwa kuwa hukuitaja kampuni, nitatumia bei za AWS, huduma ya wingu ya kampuni ya Amazon, katika kanda (eneo la seva zake) ya Virginia. Diski ya aina ya gp3 hulipiwa dola 0.08 kwa kila GB kwa mwezi, yaani dola 8 kwa GB 100, na tangu Februari 2024 kila anwani ya IPv4 ya hadharani hulipiwa dola 0.005 kwa saa, ambazo kwa siku 30 ni dola 3.60. Hizo ndizo dola zako 11 na ushee.

Amri ya kuzima ni "aws ec2 stop-instances", na ya kuiondoa seva kabisa ni "aws ec2 terminate-instances". Hata hiyo ya pili kwa kawaida huondoka na diski kuu tu; diski uliyoongeza baadaye hubaki, na anwani uliyotengewa hubaki mpaka uirudishe kwa "aws ec2 release-address". Chukua nakala ya mahesabu ya mama kwanza, kisha ukague diski na anwani zilizobaki kwa "describe-volumes" na "describe-addresses", ukikumbuka kwamba amri hizi huonyesha kanda moja tu kwa wakati mmoja.

SWALI: Mimi na mwenzangu tunaendesha mfumo wa kuandikisha wanafunzi ndani ya Docker, programu inayowasha mifumo ndani ya vifurushi viitwavyo kontena. Ijumaa usiku nilitaka kubadilisha mipangilio ya kontena la hifadhidata yetu ya PostgreSQL 16, nikalizima kwa "docker stop", nikaliondoa kwa "docker rm", kisha nikawasha jipya kwa "docker run". Limewaka vizuri, lakini hifadhidata ni tupu. Nakala yetu ya mwisho ni ya mwezi uliopita. Tumekwisha?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Huenda bado. Kwanza, usiandike amri yoyote ya kusafisha, hasa "docker volume prune", kwa sababu tangu toleo la 23 la Docker amri hiyo hulenga volyumu (hifadhi zilizo nje ya kontena) zisizopewa jina na zisizotumika, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Chochote kinachoandikwa ndani ya kontena hufutika kontena hilo linapoondolewa, isipokuwa kile kilichowekwa kwenye volyumu. Waliotengeneza imeji rasmi ya PostgreSQL, yaani kiolezo cha kuundia kontena lake, waliliona hilo mapema, wakaitangaza folda ya data kuwa volyumu. Hivyo usipoipa jina, Docker huiundia yake yenye jina la herufi na tarakimu 64, jina ambalo hakuna binadamu atakayelikariri. Ulipoandika "docker rm" bila "-v", ambayo hapo hufuta na volyumu, kontena liliondoka na volyumu ikabaki, kisha kontena jipya likapewa volyumu yake, tupu. Ila kama kontena la kwanza uliliwasha kwa "--rm", yaani lijiondoe lenyewe likizimwa, volyumu hiyo ilifutwa nalo, na itakubidi uanzie kwenye nakala ya mwezi uliopita.

Andika "docker volume ls -f dangling=true" ili uone volyumu zisizoshikwa na kontena lolote. Zikiwa nyingi, zipitie moja moja kwa "docker volume inspect" na utazame tarehe ya kuundwa. Yako itakuwa ya siku mlipowasha hifadhidata hiyo mara ya kwanza, wala si ya Ijumaa. Ukiipata, iwashie kontena la pembeni:

docker run -d --name kagua -v JINA:/var/lib/postgresql/data postgres:16

Weka jina lile refu mahali pa JINA, na usithubutu kuandika 17, kwa kuwa toleo hilo hukataa kufungua mafaili ya 16. Wanafunzi wakionekana, toa nakala papo hapo:

docker exec kagua pg_dumpall -U postgres > nakala.sql

Mtumiaji wenu mkuu akiwa na jina jingine, libadilishe hapo kwenye "postgres". Faili hilo lihamishie kwenye mashine nyingine kabla hujafanya lolote zaidi. Baada ya hapo iundeni volyumu yenye jina, kwa mfano "docker volume create wanafunzi", na mpangilio wote muuandike katika faili la compose.yaml linalotunzwa kwenye Git, programu inayohifadhi kila toleo la mafaili, ili atakayewasha mfumo Ijumaa nyingine usiku asitegemee kumbukumbu yake. Mtakapohamia toleo la 18, angalieni njia ya folda: imeji yake hutaka volyumu ifungwe kwenye /var/lib/postgresql, bila neno "data" mwishoni.