Usifute mnyororo B na C!

Simama hapo hapo, mdogo wangu wa Wete! Unauliza laptop gani ununue na programu gani nyepesi, huku umeshatwambia kwamba faili la HLA-A2 (umbo la protini ya kinga inayoshika vipande vya vijidudu na kuvionyesha juu ya seli) "umelisafisha": minyororo B na C, yaani sehemu mbili kati ya tatu za umbo hilo, umefuta, maji yote umefuta, umebaki na A peke yake, na sasa unataka kuipachikia kwa kompyuta peptidi (kipande kifupi cha protini) ya malaria yenye asidi amino 15. Usiendelee.

Huo ushauri wa "safisha kila kitu" naujua. Na mimi nilipewa, na mtu aliyelipwa kutufundisha, na wallahi hadi leo haujanitoka rohoni, maana umenilia kazi ya msimu mzima. Mnyororo B ni beta-2 mikroglobulini, ndio unaoishikilia kwa chini sakafu ya mfereji, ile nafasi inamolala peptidi. Mnyororo C ndiyo peptidi yenyewe, shahidi wako pekee wa namna inavyolala mle ndani. Unamfukuza shahidi kabla ya kesi?

HLA za daraja la kwanza, kama hiyo A2 yako, mfereji wake umezibwa mbele na nyuma. Kwa kawaida mle zinaenea peptidi za asidi amino 8 hadi 10: ncha ya mwanzo inashikwa na asidi amino za HLA yenyewe, tairosini za nafasi ya 7, 59, 159 na 171, ya mwisho na tairosini ya 84, threonini ya 143 na lisini ya 146. Urefu wa 15 ni wa daraja la pili, ambako ncha zote ziko wazi. Programu haitakwambia hayo. Itakupa alama nzuri, tena nzuri mno, kwa kuwa peptidi ndefu inagusa vingi. Izungushe picha uitazame kwa ubavuni: imelala juu ya ukuta, ncha inaning'inia nje.

Kabla ya peptidi yako, irudishe kwanza ile ya mnyororo C, iliyoonekana kwenye fuwele ya protini umbo lilipopimwa. Isiporudi mahali pake, programu hiyo usiiamini kwa nyingine yoyote. Chukua faili la 1A1O: ni HLA-B53, iliyohusishwa na kinga dhidi ya malaria kali kule Gambia mwaka 1991, imebeba peptidi KPIVQYDNF (kila herufi ni asidi amino moja) ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, wa kwenye ini. Prolini ya pili, fenilalanini ya tisa, zote zimezama mifukoni mwa mfereji. Maji ya mle yaache, yanasaidia kuikalisha peptidi. Itoe peptidi hiyo, ipachike upya, zilinganishe mbili hizo, kisha tuletee picha hapa.