Re: Kwa nini idadi ya nyumba zinazohitajika inabadilika kila mara?

Mkuu umeuliza inakuwaje Uingereza hesabu ya nyumba zinazohitajika inapanda na kushuka wakati watu ni walewale. Ile ni siasa ndani ya fomula, yaani hesabu ya serikali inayoiambia kila halmashauri ipange nyumba ngapi. Cheki, fomula ya 2018 ilianzia kwenye makadirio ya kaya, na makadirio yanafuata mwenendo wa nyuma, sasa kama vijana walishindwa kodi ya nyumba wakabaki kwa wazazi hao hawahesabiki kama kaya, kwa hiyo sehemu yenye uhaba mkubwa inaonekana haihitaji nyumba nyingi! Kulikuwa na nyongeza pale bei za nyumba zilipozidi sana mishahara lakini ikawekewa kikomo. Hii inaniuma kweli, mtu anafutwa kwenye hesabu kwa sababu ileile ya kukosa nyumba.

Mwaka huohuo yakatoka makadirio mapya yenye namba ndogo, serikali ikaziambia halmashauri zibaki na yale ya 2014, maana mapya yasingefikisha lengo la nyumba 300,000 kwa mwaka. Yaani lengo ndio lilichagua data. Baadaye wabunge wa Conservative, chama tawala wakati huo, wakaibana serikali yao, 2023 namba ikawa ya ushauri tu, halafu Desemba 2024 serikali mpya ya chama cha Labour wakairudisha kuwa lazima, safari hii wanaanzia asilimia 0.8 ya nyumba zilizopo kisha wanaongeza pale bei zilipoacha mishahara mbali. Mi naona hii ina nafuu, ila bado haisemi zijengwe za aina gani, na mwenye kipato kidogo hasaidiki na flati asiyoweza kuilipia.