Taa ya eabegi inayorudi kila ikifutwa

Ndugu wa Chumbageni, umeuliza kuhusu taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga gari likigonga) inayorudi kila ikifutwa: taa hiyo inataka kupimwa, si kufutwa tena. Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika 3, au zaidi kitabu cha gari kikisema hivyo. Mfumo wa eabegi hubaki na chaji kwa muda. Kagua chini ya viti vya mbele: plagi za njano hulegea kiti kikisukumwa, na hewa ya chumvi hapo Tanga huzitia kutu. Chomoa, safisha kwa dawa ya kusafishia plagi za umeme, ikauke, rudisha mpaka ilie “tik”. Honi nayo imekufa? Shuku utepe wa umeme nyuma ya usukani. Huo hubadilishwa, hauungwi. Mashine ndogo za kusoma injini mara nyingi hazioni namba za hitilafu za eabegi. Fundi akitaka kupima eabegi yenyewe kwa mita, mkatalie: mkondo mdogo tu unaweza kuifyatua.