Jibu: Watu wanatoka na ukungu, majengo yanaonekana vizuri

Salaam ndugu. Umesema picha zako za mtaani ukiwa safarini zinatoka hivi: ukuta wa nyuma uko wazi, mpita njia ana ukungu. Usiiuze kamera unayoipenda kwa hilo.

Kwanza ikuze picha mpaka uone viatu vyake. Kama uso unasomeka lakini mguu ulioinuliwa umeburuzika, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni ya polepole. Mimi sishuki chini ya kasi ya 1/250 ya sekunde kwa mtu anayetembea. Giza likianza naongeza ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) hadi 3200, chengachenga zinazotokea kwenye picha nazivumilia.

Kama mwili mzima umefifia sawasawa, fokasi (umbali ambao lenzi inaunoa) imeangukia ukutani. Hili lilinitesa sana, hadi nilipozima fokasi ya otomatiki. Kwa lenzi ya mm 35 kwenye kamera yenye sensa (kipokea picha) kubwa ya fulufremu, weka tundu la lenzi f/8 na fokasi ya mita 3: kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi 7 kitakuwa kikali. Kisha zoea kukadiria mita 3 kwa macho, hata bila kamera mkononi. Mtu akiingia hapo, bonyeza tu. Na akikuashiria hataki, shusha kamera.