Jibu: Msimbo wa Python unaokataa ukinakiliwa kutoka Word

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini msimbo wako wa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) unafanya kazi vizuri kwako, lakini mhadhiri akiunakili kutoka Word, ile programu ya kuandikia nyaraka, unakataa. Tazama alama za kunukuu: Word huzipinda yenyewe, “habari” badala ya "habari", na Python haizitambui kabisa. Zima upindaji huo kwenye mipangilio ya kusahihisha. Kisha uweke msimbo ndani ya jedwali la kisanduku kimoja, fonti Consolas, na kila ngazi ya msimbo uisogeze ndani kwa nafasi 4. Na tafadhali usibandike picha ya skrini! Anayesahihisha hawezi kuiendesha. Mimi kabla ya kwenda kuchapisha dukani Wandegeya, Kampala, huhifadhi kazi kama PDF, maana kompyuta ya dukani ikikosa fonti ile, mistari yote inahama.